Maji Yatokee Nyuma

Kwako Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji na wanangu wote, na kwamba lile jino lililokuwa likimliza mdogo wao limeshang'olewa. Sisi huku hatujambo, ukiacha uchovu, ambao siku hizi umekuwa kama mgeni aliyekataa kuondoka. Nimeuzoea, tunapishana tu mlangoni.

Baba anakusalimu. Mkono wake wa kushoto haujarudi na nadhani hautarudi tena, ila mguu unamtii kiasi. Anatembea kwa fimbo kutoka nyumbani hadi gatini na kurudi bila kushikwa. Kilichopona kuliko vyote ni ulimi, nawe unamjua. Analalamikia chumvi, analalamikia redio, analalamikia namna ninavyokunja mashuka. Daktari anasema ni dalili nzuri. Daktari haishi naye.

Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe huuliza kwanza boti inaendeleaje, nami hujibu kwamba inaendelea vizuri, halafu mtoto anakuita, halafu salio linaisha. Nikishakata simu hubaki nimeishika, nikifikiria yote ambayo sikuyasema. Basi leo nakujibu lile swali lako sawasawa. Boti ilizama.

Usishtuke. Haikuzama mbali na hakuna aliyekufa. Ilizama palepale ilipofungwa, ikakaa chini kama bata anayelalia mayai, pembe za viti zikiwa zimechomoza juu ya maji. Lakini kuzama ni kuzama, na sababu yake ni ndefu kidogo, nivumilie.

Unayakumbuka yale matundu mawili ya sakafuni, pale nyuma tunapokaa, tuliyokuwa tukiyaziba kwa visigino enzi za utoto ili tutengeneze bwawa? Maji ya mvua yakianguka kwenye sitaha huteremkia pale, huingia kwenye mipira miwili inayopita chini ya sakafu, ndani ya tumbo la boti, kisha hutokea kwenye matundu ya ubavuni. Ndivyo Baba alivyoijenga, na kwa miaka mingi mambo yalikwenda. Sasa mipira ile imezeeka, imepasuka, na ilipo mkono wa mtu haufiki mpaka ubomoe sakafu. Mvua ikinyesha, maji hayatoki nje, yanamwagikia tumboni. Tena ile injini nzito aliyoifunga muda mfupi kabla hajaugua imeikalisha boti matako, kiasi kwamba matundu ya ubavuni nayo yamekuwa chini ya maji. Yasipoingia ya juu yanaingia ya chini. Boti inakunywa kwa midomo yote.

Wa kuitapisha ni mimi. Tangu kiharusi kimwangushe Baba, kila asubuhi ya mvua naamka, hata uso sijanawa, navaa koti lake, nashuka gatini na ndoo na kopo. Nachota mpaka kiuno kinakataa kunyooka. Nikirudi namwogesha, namvisha, namfunga vifungo, nachemsha chai, ndipo nakaa kwenye cherehani na vidole vilivyokakamaa, uzi unagoma kuingia kwenye sindano. Wateja wanasema siku hizi kazi zangu zinachelewa. Wana haki. Yule bwana wa duka la vitambaa, uliyekuwa ukinitania naye, alingoja, akangoja, mwishowe akaoa. Simlaumu. Gauni la bibi harusi nilishona mimi, na lilimkaa vizuri.

Nimeshawahi kukugusia habari ya kuiuza boti. Kila mara ulisema isiuzwe, kwamba boti ndiyo Baba mwenyewe. Ni maneno mazuri, na nilikubaliana nawe, kwa sababu hata sasa ambapo hawezi tena kubeba mizigo ya watu kuvuka nayo ng'ambo, ile boti ndiyo sebule yake. Anakwenda kukaa pale nyuma kila jioni, anaangalia maji, anawasema wanaopita. Lakini Dada, boti unayoifikiria wewe ni ile ya kwenye picha ukutani kwako. Ile ni kavu.

Siku yenyewe nilikuwa na homa. Mvua ilianza alfajiri, nikaisikia, nikajiambia naamka sasa hivi, nikalala tena. Nilipozinduka kulikuwa kumepambazuka zamani na kitanda cha Baba kilikuwa kitupu. Fimbo haikuwepo. Nilitoka vilevile na kanga ya kulalia, pekupeku, nikimwita.

Nilimkuta ndani ya boti. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha nyuma, maji yamemfika kifuani, kopo liko katika mkono wake wa kulia, anachota maji ya ndani na kuyamwaga nje, na wakati huo ya ndani na ya nje yalikuwa yameshakuwa kitu kimoja. Alikuwa akitetemeka mpaka meno yanagongana. Aliponiona akaniambia nirudi kulala, nina homa.

Sikulia. Niliingia majini nikamkumbatia kwa nyuma ili asiteleze, nikapiga kelele za kuita watu. Aliyetusikia ni fundi wa boti wa gati ya jirani, yule tunayemwita Kimya kwa sababu hanyamazi. Alikuja mbio huku akiuliza maswali na kuyajibu mwenyewe, akambeba Baba mgongoni kama gunia mpaka nyumbani, na njia nzima Baba alikuwa akimwelekeza pa kukanyaga. Siku zilizofuata tulikuwa wagonjwa wawili, kila mmoja akimkatalia mwenzake asishuke kitandani.

Tulipopata nafuu, Kimya alileta pampu na wapakuzi wa pale bandarini, wakaiinua boti. Alilala kifudifudi juu ya sakafu na tochi, akachungulia, akanuna, akatoka na maelezo marefu ambayo nitakufupishia. Alisema kubadilisha mipira ni kupoteza wakati, kwa sababu itapasuka tena na matundu ya ubavuni yataendelea kuwa chini ya maji. Dawa ni kuyaziba yale ya ubavuni kabisa, kung'oa mipira, kuinua sakafu kidogo ili iinamie nyuma, na kutoboa matundu mawili mapya kwenye ubao wa nyuma, juu ya maji. Mvua ikinyesha, maji yateremke yenyewe na kutoka yenyewe, bila kupita tumboni. Boti ijihudumie.

Nilimtazama Baba. Uso ulikuwa umeshafungwa.

Nawe unajua ubao ule ni upi. Boti nzima ameijenga kwa vipande vya kuunga, lakini ubao wa nyuma ni mmoja, mpana, hauna kiungo wala fundo, na aliusubiri mpaka Mama, Mungu amrehemu, akawa anamuuliza kama anajenga boti au anaposa. Baba akamwambia Kimya kwamba kitu kizima hakitobolewi. Kimya akasema hata sikio la msichana hutobolewa na msichana akapendeza. Baba akasema mawimbi yanayokuja kwa nyuma yataingia kwenye hayo matundu kama wageni wa harusi. Kimya akasema tutaweka ulimi wa mpira kwa nje kwenye kila tundu, maji yakitoka unainuka, wimbi likija linaubana. Walibishana mpaka chai ikapoa, kisha Baba akasema boti ni yake, na ulimi wake mwenyewe unamtosha.

Ikabaki hivyo. Mimi nikarudi kwenye ndoo yangu.

Hatimaye alikubali. Jinsi alivyokubali nitakueleza baadaye, kwa sababu ndiyo shida iliyonifanya nikae chini niandike. Kwanza nikueleze kazi, maana najua utataka kujua kama ilifanywa vizuri.

Ilifanywa vizuri. Tuliivuta boti nchi kavu tukaiegemeza juu ya mapipa. Kimya akang'oa sakafu, akaitoa ile mipira, ikamkatikia mikononi kama tambi zilizopikwa kupita kiasi. Matundu ya ubavuni tuliyaziba kwa vizibo vya mbao vilivyochongwa vikabana, tukavipaka gundi ndani na nje, tukavibandika viraka. Viraka nilikata mimi. Kimya alinisifu kwamba nina mkono wa fundi, nikamwambia mimi ni fundi, tofauti ni kwamba nguo zangu hazizami.

Kwenye sakafu ndipo Baba alipoamka. Aliletewa kiti, akakaa pembeni na fimbo yake, akasema hamwamini Kimya wala jicho lake. Akaomba chupa ya maji iliyojaa nusu, akataka ilazwe juu ya ubao kila tulipopigilia kipande, aone maji yanaelekea wapi. Palipolala sawa tulibomoa tukainua tena. Kimya alinung'unika mchana kutwa, lakini nilimwona akiiweka ile chupa kwenye sanduku lake la vifaa jioni alipokuwa akiondoka.

Kisha ikafika zamu ya ubao wa nyuma. Kimya alikuwa ameshachora duara mbili kwa penseli, ameshawasha drili. Baba akasema azime. Akasimama, akauegemea ubao, akaupapasa kwa kiganja kama mtu anayempima mtoto joto. Akasema tundu la kwanza atalianza yeye. Drili ile ni nzito, inataka mikono miwili, na yeye anao mmoja. Basi nikasimama ubavuni kwake, nikashika mpini wa upande wa pili, nikawa mkono wake wa kushoto. Tulitoboa pamoja. Moshi mdogo ulitoka, na harufu ya mbao, Dada, kama vile mti umekatwa jana. Ndani ubao bado ni wa manjano, mzima kabisa. Alichukua kipande kilichodondoka, akakinusa, akakitia kwenye mfuko wa shati.

Baada ya hapo hakutuacha tupumue. Alitaka matundu yapanuliwe kupita kipimo, yajazwe gundi, ikauke, ndipo yatobolewe tena kwa kipimo halisi, ili maji yasiguse nyama ya mbao maisha yake yote. Kimya alisema hiyo ni kazi ya mara mbili. Baba akasema ndiyo, ya mara mbili, na kwamba ya mara moja ndiyo iliyotufikisha hapa, na aliyeifanya alikuwa yeye. Nadhani ni mara ya kwanza kumsikia akijisema.

Ndimi za mpira zilinitoa jasho mimi. Za kwanza nilikata kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi, zikawa ngumu, maji machache hayakuweza kuziinua, yakabaki sakafuni yakitutazama. Nikajaribu mpira wa glavu, ukawa mwepesi, ukajikunja. Mwishowe Baba akaniambia nichukue buti lake la mpira la mguu wa kushoto, kwa kuwa siku hizi halivai tena. Shingo ya buti lile ilikuwa ndiyo unene unaofaa. Nilizikata, nikazipunguza kingo kwa wembe, nikazishikiza kwa juu tu, kama mfuniko wa mfuko wa koti.

Tuliirudisha majini mchana kweupe. Niliwahi kusikia watu wakisema wanazuia pumzi, siku ile niliizuia kweli. Kimya akamwaga ndoo kwenye sitaha. Maji yakatembea, yakateremka nyuma, ndimi zikainuka kidogo, yakatoka. Akamwaga ya pili, yakatoka. Halafu ikapita ile feri kubwa ya abiria, wimbi lake likaja moja kwa moja nyuma ya boti, Baba akanishika bega akalibana mpaka likauma. Wimbi likapiga. Ndimi zikabana. Sakafuni hapakuingia hata kijiko. Kimya alinyamaza kwa muda, mpaka tukaogopa.

Wiki hii imenyesha siku mbili mfululizo. Asubuhi ya kwanza niliamka kwa mazoea, nikavaa koti, nikaenda, nikakuta boti inaelea imenyooka, maji yanadondoka nyuma taratibu kama mtu anayejisaidia bila haraka. Asubuhi ya pili niliisikia mvua, nikageuka upande wa pili, nikalala. Nililala mpaka Baba akaja kunigongea kuuliza kama nimekufa.

Sasa, Dada, nikuambie alivyokubali.

Yule mama aliyekuwa akiniletea mashuka na sare za wauguzi nimshonee amefungua karakana yake mwenyewe katika mji ule wa viwanda, safari ya kutwa nzima kwa basi kutoka hapa. Amenunua cherehani za umeme, ameajiri mafundi, anataka mtu wa kusimamia meza ya kukata. Alinitaka mimi tangu mwaka jana. Nilimkatalia. Akarudi, nikamkatalia. Sikukuambia, wala sikumwambia Baba, kwa sababu sikuona cha kuzungumza. Mvua ilikuwa inanyesha na ndoo ilikuwa yangu.

Baada ya kuzama kwa boti alinipigia tena, akasema hii ndiyo mara ya mwisho. Nilikaa na maneno hayo siku kadhaa. Kisha jioni moja nikamfuata Baba gatini, akiwa amekaa kwenye kigogo akiitazama boti kwa mbali kwa sababu nilimkataza kuingia. Nikamwambia tu, bila utangulizi, kwamba nataka kuondoka. Nikamweleza kazi ilivyo na mahali ilipo. Nikamwambia sitaki aiuze boti na sitaki afe akiichota maji, na kwamba mimi sina nguvu tena za kuwa pampu.

Aligongagonga ardhi kwa fimbo muda mrefu. Nilifikiri amekasirika, au ulimi umemwishia tena kama siku ile ya hospitali. Kisha akauliza, “Huyo Kimya anataka tundu liwe na upana gani?”

Ndivyo alivyokubali. Hakusema nenda wala usiende. Alinyoosha ngumi, akauliza ni kama hii au ni dogo zaidi.

Siku nyingine, tukiwa tunapiga msasa, alisema bila kunitazama kwamba alijua muda mrefu kuwa napaswa kuondoka. Alisema angenifukuza mapema, ila kila akifikiria, alikuwa akifika kwenye vifungo vya shati anakwama. Niliondoka pale nikajifanya natafuta gundi.

Kwa hiyo naondoka, Dada. Naondoka mwisho wa mwezi huu. Hii si barua ya kuomba ruhusa, na wala si ya kukulaumu, ingawa nikiisoma naona lawama zimepenya hapa na pale. Ziache zilipo, nimechoka kuzifuta. Mama jirani, yule muuguzi mstaafu tunayepakana naye ukuta, atampitia Baba asubuhi na jioni, na chakula watakula pamoja, kwa sababu naye anakula peke yake na anachoka na hilo. Kimya ameahidi kuja kila jioni kupiga soga, nadhani kwa kuwa amepata msikilizaji asiyeweza kukimbia. Mashati yote ya Baba nimeyatoa vifungo, nimeyawekea vya kubana ambavyo mkono mmoja unavimudu. Suruali nazo nimezitia mpira kiunoni. Amezijaribu zote mbele ya kioo, akasema anafanana na mtoto wa chekechea, lakini alivaa mwenyewe, kuanzia juu hadi chini, na mimi nilikuwa nimesimama tu mlangoni, mikono haina la kufanya.

Ninachobaki kukuomba ni kimoja. Njoo ukae naye majuma ya mwanzo. Usitume mtu, njoo mwenyewe. Hahitaji mtu wa kumwogesha kama zamani. Anahitaji mtu wa kugombana naye juu ya chumvi mpaka azoee kwamba mimi sipo. Najua una nyumba na mume na watoto, nami sijui uzito wa mzigo wako kama wewe usivyojua wangu. Lakini ukiweza, njoo. Ukishindwa, niambie wazi, usiniambie utaangalia.

Sina mengine. Nisalimie shemeji, mwambie kanzu yake ipo tayari na nitamwachia kwa jirani kama hatutaonana. Wanangu wabusu, waambie mama yao mdogo atawaandikia akishapata anwani. Nawe ujitunze, ule, ulale, usiwe kama mimi.

Baba yuko hapa pembeni, anataka kujua mbona barua haiishi. Nimemuuliza kama ana neno la kukuambia. Amefikiri, akasema nikuandikie kwamba sakafu ya boti ni kavu, unaweza kuja na watoto.

Ni mimi mdogo wako,

Sindano.